FreeCAD karakanani: mwaka wangu wa kuchora bila bando

Natengeneza mashine za kupukuchua mahindi hapa Morogoro, karakana ya bati, mtandao mpaka utoke nje uinue simu. Zamani nilikuwa nachora kwa programu ya kulipia ambayo haifunguki kabla haijathibitisha akaunti kwenye intaneti. Siku moja mteja kaja kuulizia kipenyo cha shafti, mimi natazama kiduara kinazunguka kwenye skrini. Ikabidi nichukue futi nikapime mashine kuukuu iliyolala uani. Aibu niliyoipata!

Jioni hiyo hiyo nikaenda kwa jamaa mwenye waifai, nikashusha FreeCAD 1.0, programu ya bure ya kuchora vipuri kwa kompyuta, lile toleo la Novemba 2024. Ni mamia ya megabaiti, lakini unaumia mara moja. Akaunti hakuna, leseni ya mwaka hakuna, mchoro unakaa kwenye diski yako mwenyewe. Faili lake la mchoro, FCStd, kumbe ni zip tu, yaani furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja. Nimelifungua kwa udadisi nikakuta Document.xml humo ndani.

Kilichoniteka ni jedwali. Naandika kipenyo cha ngoma, unene wa pleti, idadi ya meno, halafu vipimo vya mchoro vinasoma kutoka humo. Mteja akitaka ngoma ya milimita 320 badala ya 280, nabadilisha namba moja, vingine vinafuata. Kisha natoa DXF, faili la mistari ambalo mashine ya kukata inalisoma, naitia kwenye flashi, kijana anaipeleka kwa wenye mashine ya kukata kwa plazma.

Usidhani ni mteremko. Wiki mbili za mwanzo nilisonya sana. Kabla ya 1.0 ilikuwa na ugonjwa unaojulikana: ukigusa hatua ya nyuma ya mchoro, nyuso za umbo zinabadilika majina ambayo programu imezipa, matundu yanahama au yanapotea. Umepungua, haujaisha, kwa hiyo michoro ya matundu naibandika kwenye bapa za msingi, zile zisizotegemea umbo, siyo kwenye uso wa umbo. Umeme nao ni huu wetu; hifadhi ya dharura nimeiweka kila dakika 5.

Tatizo lililobaki ni letu wenyewe. Mimi na mwenzangu tulikuwa na nakala mbili za mchoro mmoja kwenye flashi mbili, tukakata pleti nzima ya milimita 3 kwa vipimo vya zamani. Sasa mchoro unakaa kwenye kompyuta moja, na anayetaka kubadilisha kitu aje akalie kiti.