Helikopta ya rimoti ya kwanza: pangaboi mbili au moja?
Kwa anayeanza hapa Dar, nashauri ile ya pangaboi mbili, moja juu ya nyingine. Zinazunguka kinyume, kila moja ikifuta nguvu ya mwenzake ya kuzungusha mwili, hivyo mwili hauzunguki hovyo. Ukiachia stiki ya uelekeo, inatulia yenyewe. Sebule inatosha. Shida yake ni upepo: ipeleke Coco Beach alasiri uone inavyobebwa.

Ile ya pangaboi moja kubwa na dogo la mkiani, yenye kubadili mwinamo wa mapanga, huhimili upepo na hata kuruka kichwa chini. Ni nzuri mno, lakini haina subira: ukichelewa kidogo tu, mapanga na shafti vimekwisha, na vipuri mara nyingi ni vya kuagiza. Ukiitaka hiyo, jifunze kwanza kwenye simyuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuiga urukaji.

Betri zote za litiamu, usizichaji ukiwa umelala.