Kayaki Kwenye Mapango ya Bahari: Uchambuzi wa Ziara ya Kuongozwa

Habari zenu, watazamaji. Leo tunachambua ziara ya kayaki kwenye mapango ya bahari, ile ya nusu siku yenye muongozaji. Kampuni nyingi zinaiuza kwa picha zilezile: maji ya buluu, mwanga unapenya kutoka darini, mtu ameinua kafi juu anatabasamu. Sisi tutaangalia yale ambayo picha haiwezi kuonyesha, yaani mawimbi, maji kujaa na kupwa, chombo chenyewe, na huyo mtu anayeongoza msafara. Msimamo wangu nautoa mapema ili mjue ninapima kwa kipimo gani: pesa yenu inalipia uamuzi wa muongozaji pale mdomoni mwa pango. Kayaki na jaketi mtakodi popote. Uamuzi haukodishwi.

Tuanze na mawimbi, na hapa nitakaa sana. Mgeni akisoma utabiri wa bahari hutazama kimo cha wimbi tu. Mita moja, anasema, si kitu. Tazama pia kipindi, ambacho ni sekunde zinazopita kati ya kilele cha wimbi moja na kilele cha linalofuata. Wimbi la sekunde 6 kwenye kina kirefu lina urefu wa takriban mita 56 kutoka kilele hadi kilele. Wimbi la sekunde 14 lina zaidi ya mita 300. Kimo kikiwa sawa, hilo la pili hubeba nguvu zaidi ya mara mbili. Ukiwa baharini wazi hulihisi kabisa, linakuinua taratibu na kukushusha taratibu. Likiingia pangoni mambo hubadilika, kwa sababu pango nyingi ni pana mdomoni na nyembamba ndani. Maji yale yale yanabanwa na kuta mbili, hayana pa kwenda ila juu. Wimbi lililokuwa la nusu mita nje linaweza kukubeba hadi karibu na dari kule ndani.

Na mawimbi huja kwa makundi. Bahari inatulia dakika kadhaa, kisha yanafuatana makubwa, halafu inatulia tena. Ndiyo maana muongozaji anayeijua kazi yake hufika kwenye pango la kwanza akasimamisha msafara nje, akatazama tu. Dakika 10 za kutazama mawimbi ya sekunde 14 ni yapata mawimbi 40, kiasi cha kutosha kuona kundi kubwa likipita na maji yanafika wapi ukutani. Wageni wengine huchoka kusubiri na kulalamika kwamba muda wao unaliwa. Huo ndio muda wenye thamani kuliko wote kwenye ziara. Muongozaji akifika mdomoni na kuingia moja kwa moja bila kusimama, kwangu mimi ziara hiyo imefeli, hata kama kila mtu alitoka salama.

Sikilizeni pia sauti. Mlio mzito kama mzinga kutoka ndani maana yake hewa inanaswa kati ya wimbi na dari, inabanwa, kisha inatoka kwa kishindo. Ukiona ukungu wa maji unarushwa nje kwenye mlio huo, pango hilo limefungwa kwa leo. Hewa hiyohiyo inayobanwa ndani ya nyufa ndiyo moja ya nguvu zilizochimba pango lenyewe: wimbi hupiga, hewa inasukumwa ufani, inapanuka ghafla maji yakirudi, na mwamba unamong'onyoka mahali palipokuwa dhaifu.

Sasa maji kujaa na kupwa. Kanuni ya mabaharia ni rahisi: maji huchukua kama saa sita kupanda, na hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti yote kwa kumi na mbili. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Ni makadirio, ila yanafaa. Chukua pwani yenye tofauti ya mita 3. Ukiingia pangoni mwishoni mwa saa ya pili na dari iko mita 1.5 juu ya maji, baada ya saa moja tu itabaki sentimita 75. Mtu aliyekaa kwenye kayaki akiwa na helmeti anahitaji karibu mita moja. Hesabu imeisha, hamtoki mkiwa mmekaa. Wakati wa bamvua tofauti huwa kubwa zaidi, wakati wa maji mafu huwa ndogo, kwa hiyo pango lilelile linaweza kuwa jema wiki hii na baya wiki ijayo saa ileile.

Kwenye ghuba ya Phang Nga nchini Thailand jambo hili ndilo ziara yenyewe. Kuna mabwawa yaliyofichika katikati ya visiwa vya mawe ya chokaa, na njia ya kuyafikia ni mahandaki yanayopitika kwa muda mfupi tu, maji yakiwa kwenye kina fulani. Wageni hulala chali, muongozaji anavuta chombo kwa kusukuma dari. Kampuni inayokupa saa ileile ya kuondoka kila siku ya mwezi kwenye mahali kama hapo haifuati bahari, inafuata ratiba ya basi.

Chombo. Ziara nyingi hutumia kayaki ya kukalia juu, ya plastiki, ya watu wawili. Kwa mapango naiunga mkono. Ikipinduka hunaswi, maji hutoka yenyewe kwenye matundu ya sakafuni, na plastiki inavumilia kugongwa. Kasoro yake ni uzito, kilo 30 au zaidi, na upana unaoifanya iende polepole upepo ukiwa wa mbele. Kayaki ndefu ya kufunikwa, ya mita 5 hivi, inakwenda vizuri zaidi baharini, ila pangoni penye upana wa mita 4 haigeuki. Ya kujazwa hewa ni nyepesi na hupita chini ya dari fupi, lakini chaza waliobandika mwambani huichana kama wembe, hivyo lazima iwe na vyumba vya hewa zaidi ya kimoja.

Kabla ya kupanda, kagueni kizibo cha kutolea maji, mara nyingi kiko nyuma, upande wa tezi. Kikiwa kimelegea, maji huingia ndani ya ganda kimyakimya. Kila lita ni kilo moja. Lita 40 zinaifanya kayaki iyumbe kila mnapojaribu kugeuka, na nyie mtadhani hamjui kupiga kafi. Itikiseni ikiwa ufukweni. Mkisikia maji yanacheza ndani, ombeni nyingine. Kwenye kayaki ya watu wawili mzito akae nyuma, maana ndiye anayeongoza, na afuate mapigo ya aliye mbele. Wakipishana, makafi yanagongana na wote wawili wanasimama.

Vifaa vya mwilini sitavichelewesha. Jaketi la kuokolea liwe la povu, la newtoni 50 au zaidi, lile la kujijaza hewa halifai mahali pa kukwaruza miamba. Fungeni mikanda, kisha mwenzako alivute mabegani kwenda juu. Likifika masikioni limelegea. Helmeti ni lazima, na ivaliwe kabla ya kufika pangoni. Tochi ya kichwani isiyopitisha maji kwa kila mgeni, kwa sababu macho yanayotoka kwenye jua huchukua dakika 20 na zaidi kuzoea giza kikamilifu, na nyinyi mtakuwa mmeshatoka. Viatu vilivyofunga vidole. Mavazi yaendane na joto la maji, wala si la hewa: maji yakiwa chini ya nyuzi 15, ukianguka pumzi hukatika ghafla na kwa dakika ya kwanza hadi ya tatu huwezi kuidhibiti, kwa hiyo vazi la neopreni, ule mpira laini unaohifadhi joto la mwili, si anasa.

Sasa muongozaji, na hapa pigeni picha ya skrini mkitaka. Wageni sita kwa muongozaji mmoja ndicho kikomo ninachokikubali kwa mapango. Zaidi ya hapo awepo wa pili anayefunga msafara. Awe na kamba ya kuvutia inayofunguka kwa mvuto mmoja, filimbi, na redio ya VHF kwenye chaneli ya 16, ile ya dharura baharini. Redio hiyo ndani ya pango haisikiki vizuri, mwamba unaziba mawimbi yake, hivyo waongozaji wakiwa wawili mmoja abaki nje. Kabla ya kuondoka awaonyeshe ishara: kafi lililosimamishwa wima ni njooni, lililolazwa juu ya kichwa ni simameni, filimbi mara tatu ni hatari. Asipowaonyesha, muulizeni. Pangoni sauti hurudi kutoka kila upande, maneno hayaeleweki.

Tazameni anavyoingia. Mawimbi yakiwepo hata kidogo, njia iliyo bora ni kuingia kinyumenyume, tezi ikitangulia ndani na omo, yaani mbele ya chombo, ikielekea baharini. Mnaona kila wimbi linalokuja, mnalipokea kwa mbele, na mkiambiwa tokeni mnapiga kafi moja kwa moja bila kugeuza chombo. Kayaki moja moja au mbili mbili, nyingine zisubiri nje mbali na mwamba. Msafara mzima ukisukumana ndani kwa pamoja ili picha ipendeze, wimbi moja linatosha kuzilaza kayaki kiubavu na kuzirundika nyuma.

Zoezi la kupinduka lifanyike kwenye maji ya utulivu mwanzoni mwa ziara, na kila mgeni ajaribu. Hatua ni hizi: shika kafi na kayaki, usiachie. Igeuze ikae sawa kwa kuvuta ukingo wa upande wa pili. Lala juu ya maji, piga miguu mpaka mwili uwe sambamba na uso wa bahari, kisha jivute hadi tumbo liwe juu ya kiti. Geuka, kaa, ingiza miguu. Wanaoshindwa wengi hushindwa kwenye hatua ya miguu: wananing'inia wima, miguu inaingia chini ya kayaki, wanajivuta kwa mikono pekee hadi wanachoka. Kanuni nyingine ya kukariri ni kwamba usiwe kamwe kati ya kayaki na mwamba. Mwamba, kayaki, kisha wewe upande wa bahari. Ukipindukia ndani, usipande humo. Shika omo ya kayaki ya muongozaji, akutoe nje kwanza.

Wanyama nao ni sehemu ya ziara, na wengi huharibia hapa. Nchini Marekani, idara inayosimamia viumbe wa baharini inashauri yadi 50, kama mita 46, kutoka kwa sili na simba-bahari. Pangoni umbali huo mara nyingi haupo. Painted Cave kwenye kisiwa cha Santa Cruz, Kalifonia, ina urefu wa karibu robo maili na simba-bahari hupumzika humo ndani. Wakishtuka hukimbilia majini, na njia yao ya kutoka ndiyo yenu. Muongozaji akisikia wanabweka kwa wingi akageuza msafara, mshukuruni.

Baadhi ya maeneo yamelifanya suala la muongozaji kuwa sharti. Kwenye pango la Benagil, kusini mwa Ureno, tangu 2024 ni marufuku kuingia kwa kuogelea au kushuka ufukweni ndani yake, na kayaki ziende na muongozaji. Tangazo lolote linaloahidi picha mkiwa mmesimama kwenye mchanga ule limepitwa na wakati au linawadanganya.

Nani aiache ziara hii? Mwenye bega linaloteguka, maana kurudi dhidi ya upepo ni saa nzima ya kupiga kafi. Mwenye hofu ya mahali palipobana. Asiyejua kuogelea anaweza kwenda, ila aseme mapema na akae kayaki moja na muongozaji.

Kabla ya kulipa, someni kipengele cha kuahirisha. Kampuni ninayoipendekeza hurudisha pesa yote bahari ikichafuka, na inaeleza kwa maandishi kwamba mapango hayana uhakika hata mkishaondoka. Ile inayorudisha nusu tu, au inayomlipa muongozaji pale tu ziara inapokamilika, imempa sababu ya kuingia siku ambayo alipaswa kubaki nje. Waulizeni swali moja kwa simu: mwezi uliopita, ni lini mara ya mwisho mlighairi? Wakijibu kwamba hawajawahi kughairi, tafuteni kampuni nyingine.