Feni tulivu za kompyuta ya gemu jijini Nairobi: uzoefu wangu na Arctic P12 na Noctua NF-A12x25

Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ya RTX 3060, nayo hukaa mezani katika chumba ambamo mdogo wangu pia hulala. Nilipoamua kubadilisha feni zake nilitaka mambo mawili ambayo wauzaji wengi huyataja kana kwamba hayakai pamoja: mashine ipoe vizuri hata gemu nzito inapoendelea kwa saa nyingi, na mtu aliyelala hatua chache kutoka hapo asisumbuliwe. Nimezitumia feni hizi tangu joto la Januari hadi baridi ya Julai, na ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba utulivu hupatikana kwa kuzungusha feni polepole. Ukubwa wa feni, mahali inapofungwa na namna inavyodhibitiwa ni mambo ya kuchaguliwa kwa kuangalia iwapo yanakuruhusu kupunguza mizunguko bila joto kupanda.

Feni zilizokuja na kasha zilikuwa tatu, zenye taa za rangi, zote mbele, na nyuma hapakuwa na hata moja ya kutoa hewa. Zilichomekwa kwa plagi ya pini 6 kwenye kisanduku kidogo chenye rimoti yake, na kisanduku hicho kilipata umeme moja kwa moja kutoka kwa pawa saplai bila kuwasiliana na ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta. Rimoti ilibadilisha rangi za taa tu. Kwa hiyo feni zilikwenda kwa kasi ileile ninapoandika barua na ninapocheza, na zilitoa sauti mbili tofauti: mvumo wa hewa, ambao sikio huuzoea baada ya muda, na mlio mwembamba wa mota, ambao sikuuzoea kamwe na ambao wenzangu waliusikia kupitia maikrofoni yangu tulipocheza pamoja.

Nilianza kutafuta katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue. Muuzaji mmoja alinitolea pakiti ya feni za taa akasema, "Hizi ndizo watu wanachukua, ndugu yangu, hebu angalia taa zake." Taa zilipendeza kweli, lakini nilipoligeuza boksi sikuona popote kiwango cha mizunguko kwa dakika, wala shinikizo la hewa, wala aina ya beringi, yaani kile kinachobeba mhimili wa feni unapozunguka. Feni isiyoeleza mambo hayo matatu ni vigumu kuichagua kwa ajili ya utulivu, hata kama bei yake inavutia, na kwa maoni yangu ni afadhali kuiacha.

Sababu ya kuyatilia mkazo mambo hayo ni kwamba feni hufuata kanuni zinazojulikana vyema. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa nusu, shinikizo hushuka hadi robo, na nguvu inayotumika hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kelele nayo hupungua kwa takriban desibeli 15, na ikumbukwe kwamba tofauti ya desibeli 10 tu husikika na watu wengi kama kelele imepungua kwa nusu. Kwa upande mwingine, kuongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza, kwa kasi ileile, huongeza desibeli 3 pekee. Ndiyo maana feni tatu zinazokwenda taratibu hupitisha hewa ya kutosha kwa kelele ndogo kuliko feni moja inayokimbizwa, na ndiyo maana pia feni ya milimita 140, ikiwa kasha lina nafasi yake, huwa na faida: eneo lake ni zaidi ya mara 1.3 ya lile la feni ya milimita 120, kwa hiyo hufanya kazi ileile kwa mizunguko michache zaidi. Kasha langu hupokea za milimita 120 tu, nami nikachagua ndani ya mpaka huo.

Takwimu za kwenye boksi zinahitaji kusomwa kwa makini. Kampuni nyingine huandika mtiririko wa hewa kwa futi za ujazo kwa dakika, nyingine kwa mita za ujazo kwa saa. Ukizidisha kipimo cha kwanza kwa 1.7 utapata cha pili, na hapo ndipo unaweza kulinganisha. Arctic P12 PWM PST, kwa mfano, imeandikiwa futi 56.3, ambazo ni kama mita za ujazo 96 kwa saa, na Noctua NF-A12x25 imeandikiwa mita 102.1. Idadi hizo, hata hivyo, hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele yake, hali ambayo haipo kamwe ndani ya kasha lenye chujio la vumbi. Mahali penye kizuizi, kinachohitajika ni shinikizo, ambalo huandikwa kwa milimita za maji: P12 ina 2.2 na NF-A12x25 ina 2.34. Feni yenye mtiririko mkubwa lakini shinikizo dogo, ikiwekwa nyuma ya chujio, ni kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliobanwa. Desibeli zinazoandikwa na kampuni mbalimbali sizilinganishi kabisa, kwa sababu umbali na namna ya kupima havifanani.

Mbele ya kasha nilifunga P12 tatu na nyuma moja, zote kutoka kwenye pakiti ya feni tano, na ya tano nimeiweka akiba. Hizi ni feni zisizo na mapambo: fremu nyeusi, mapanga matano mapana, na skrubu. Jambo lililonivutia zaidi ni plagi yake ya PST, ambayo huunganisha feni moja na nyingine, hivyo zile tatu za mbele zinatumia tundu moja tu la ubao mama na kwenda kwa kasi moja. Zinaweza kuzunguka kuanzia mara 200 hadi 1,800 kwa dakika, na upana huo ndio nilioulipia. Kwa kazi za kawaida mimi huziacha kwenye 600 hivi, na kwa kasi hiyo lazima nisogeze sikio hadi kwenye chujio ili nijue kama zinazunguka. Nikicheza zinapanda hadi karibu 950, na hapo kinachosikika ni mvumo mwepesi wa hewa, hafifu kiasi kwamba mazungumzo ya ukumbini huufunika.

Noctua niliiweka kwenye kipoza cha prosesa, mahali ambapo feni hulazimika kupenyeza hewa katikati ya mapezi ya alumini yaliyosongamana. Kampuni hii ya Austria ilitoa NF-A12x25 mwaka 2018, na ukiishika mkononi unaona kazi iliyofanywa: nafasi kati ya ncha za mapanga na fremu ni nusu milimita tu, ili hewa isirudi nyuma pembeni. Mapanga yametengenezwa kwa plastiki ngumu maalumu kwa sababu plastiki ya kawaida ingetanuka taratibu kwa miaka hadi ikwaruze fremu. Rangi zake za kahawia na maziwa haziwapendezi wote, ingawa ipo pia nyeusi. Ndani ya boksi mna waya wa kugawa umeme, kipunguza kasi, na vishikizo vya mpira vinavyochukua nafasi ya skrubu ili mtetemo usiingie kwenye kasha. Dhamana yake ni ya miaka 6. Bei yake, kwa upande mwingine, ilikaribia kuzinunua P12 tatu, nami naiona ni halali kwa feni ya kwenye prosesa; kulijaza kasha zima feni hizo ni gharama ambayo sikio langu halingeweza kuitetea.

Kuhusu plagi, chagua ya pini 4. Feni ya pini 3 hudhibitiwa kwa kupunguza volti, na ikipunguzwa sana mota hushindwa kuanza, lakini ile ya pini 4 hupokea volti 12 wakati wote na kuelekezwa kwa ishara ya PWM, yaani mapigo ya haraka ya umeme yanayoiambia feni iende kwa kasi gani, kwa hiyo huweza kwenda polepole sana bila kusita. Matundu mengi ya ubao mama hubeba ampea 1, na NF-A12x25 hutumia ampea 0.14 ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa, kwa hiyo kugawana tundu hakuna hatari.

Kuna sauti moja ambayo haitokani na ubora wa feni, nayo ni ile inayozaliwa feni inapokaribiana mno na wavu wa chuma ulio upande inakovutia hewa. Hewa iliyokwisha kuvurugwa na matundu ya wavu hugonga mapanga na kutoa mlio wa king'ora. Nilipozifunga feni za mbele kwa mara ya kwanza mlio huo ulisikika wazi, hata kwa kasi ndogo, nami nikaweka vipande vya mpira vya unene wa milimita 5 hivi kati ya fremu na wavu, ukatoweka. Noctua huuza fremu maalumu za kazi hii ziitwazo NA-IS1, lakini mpira uliokatwa vizuri unatosha. Skrubu nazo zisikazwe hadi mwisho. Zikishika imara inatosha.

Sasa nije kwenye suala la Nairobi yenyewe, ambalo mapitio ya feni yanayotoka Ulaya na Marekani hayaligusi. Jiji letu liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani. Feni husukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ya kubeba joto ni kidogo. Chukua kompyuta inayotoa wati 250 na feni zinazopitisha mita za ujazo 100 kwa saa: kule Mombasa hewa itatoka ikiwa na ongezeko la karibu nyuzi 8 za Selsiasi, na hapa ongezeko litakuwa nyuzi 9 na kidogo. Tofauti hiyo hailazimishi mtu kununua feni za kasi kubwa, kwa sababu usiku wa Nairobi una ubaridi ambao Mombasa haiupati, na hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 18 hufidia hasara yote na kubakiza ziada. Mwenye kompyuta ya gemu hapa ana bahati ya hali ya hewa, na ni vyema aitumie kupunguza mizunguko.

Vumbi ndilo tatizo kubwa zaidi. Wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari, vumbi jekundu linaloinuka barabarani na kwenye maeneo ya ujenzi huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na chujio likiziba feni hulazimika kukimbia zaidi ili kupitisha hewa ileile. Kompyuta iliyokuwa tulivu huanza kuvuma bila chochote kuharibika. Kuwa na feni tatu za kuingiza na moja ya kutoa kunasaidia, kwa sababu ndani ya kasha huwa na shinikizo la juu kidogo na hewa huingia kupitia chujio badala ya nyufa za pembeni. Mimi hulitoa chujio na kuliosha kwa maji na sabuni, kisha hulikausha kabisa kabla ya kulirudisha. Mapanga huyapangusa kwa brashi laini ya rangi, na nikitumia blowa huishikilia feni kwa kidole isizunguke, kwa kuwa ikizungushwa kwa nguvu beringi zake zinaweza kuumia na mota yake inaweza kurudisha umeme kwenye ubao mama.

Mipangilio ya kasi inastahili muda kuliko watu wengi wanavyoipa. Joto la prosesa za Ryzen hupanda na kushuka ghafla, na feni ikifuata kila mruko hupaza sauti na kuishusha tena na tena, jambo linaloudhi kuliko mvumo wa kudumu wenye sauti kubwa zaidi. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, niliweka ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla ya feni kubadilisha kasi, na nikaufanya mstari unaoonyesha kasi ya feni kwa kila kiwango cha joto uwe tambarare hadi nyuzi 60. Feni za kasha, kwa upande wake, hazifai kufuata prosesa hata kidogo. Katika gemu joto kubwa hutoka kwenye kadi ya grafiki, ambayo kwa RTX 3060 hufikia wati 170, wakati prosesa hii imepangiwa wati 65. BIOS ya ubao wangu haisomi joto la kadi, kwa hiyo natumia Fan Control, programu ya bure ya Windows, kuzifanya feni za mbele zifuate kadi hiyo.

Baada ya mabadiliko yote, kadi ya grafiki imeshuka kwa nyuzi kama 4 katika gemu ileile, na prosesa hukaa chini ya nyuzi 70 wakati kikomo chake ni 90. Mwenye bajeti ndogo ningemshauri anunue P12 kila mahali, hata kwenye kipoza cha prosesa, na aweke Noctua baadaye ikiwa kompyuta iko karibu sana na sikio lake. Kelele iliyobaki kwangu ni ya feni za kadi ya grafiki yenyewe, ambazo huwezi kuzibadilisha bila kuifungua kadi. Hilo nimelipunguza kwa kuiwekea kadi kikomo cha asilimia 85 ya nguvu zake, na katika gemu ninazocheza sijaona picha zikipungua ulaini.