Kisu cha Minofu Kilichoanzia Kwenye Kipande cha Boksi: Uzoefu Wangu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipasua sangara na kuuza minofu hapa Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni, nikitumia visu vya kiwandani ambavyo hukata vizuri mwezi mmoja hivi kisha huanza kukataa kinoo. Mwezi Machi niliagiza kisu cha kufuliwa kwa mkono kwa mhunzi mmoja wa hapa Mwanza, na ninaandika haya baada ya kukitumia karibu kila siku kwa miezi mitano.

Nilidhani ingetosha kumwonyesha kisu changu cha zamani na kumwomba atengeneze kinachofanana nacho. Hakukubali, aliniambia nirudi na samaki. Nilimpasua sangara wa kilo nne mbele yake, naye akawa anatazama mkono wangu kuliko samaki mwenyewe: kidole gumba kinakaa wapi, na ni mahali gani ninapolaza kisu ili kipite juu ya mbavu. Kisha akachora umbo kwenye boksi, akalikata kwa mkasi na kunipa nilishike. Tulilirekebisha mara tatu. La kwanza lilikuwa na ubapa mpana wa kufaa buchani, na la pili lilikuwa na ncha kali mno, nami nikamkumbusha habari ya bondo, yaani mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, kwa kuwa bondo likitobolewa bei yake hushuka, na kwa sangara mkubwa hasara hiyo si ya kuchezea. Ncha ikaviringwa. Tulikubaliana ubapa uwe na urefu wa sentimita 19, na mgongo uwe na unene wa milimita 3 karibu na mpini, ukipungua hadi milimita 1.5 kuelekea nchani ili kisu kipinde kidogo kikifuata mfupa.

Chuma kilitoka kwenye springi ya gari, ambayo ina kaboni ya kutosha kushika matiko, yaani kuwa ngumu ikipashwa moto na kuzamishwa ghafla. Kisu cha kwanza, hata hivyo, kilipasuka: alikichovya kwenye maji badala ya mafuta, tukasikia mlio mdogo, na ufa mwembamba kama unywele ukaonekana karibu na makali. Alikitupa pembeni bila kujitetea na kufua kingine kwa gharama yake. Safari hii alikipasha moto mpaka sumaku ikaacha kukishika, akakizamisha kwenye mafuta ya uvuguvugu, kisha akakirudisha kwenye joto dogo hadi chuma kikawa na rangi ya majani makavu. Bila hatua hiyo ya mwisho, alinieleza, kisu huwa kigumu lakini huvunjika kama kigae.

Kuhusu mpini tulibishana. Mimi nilitaka msuka (sehemu ya chuma inayoshikwa na mpini) mwembamba uliochomekwa ndani ya mti na kufungwa kwa noleo, yaani pete ya kubana mpini, kama visu vya wazee wetu, lakini yeye alisisitiza msuka mpana unaoenea mpini mzima, uliobanwa kwa vipande viwili vya mninga na ribiti tatu za shaba, kwa hoja kwamba maji na utelezi wa samaki huingia kwenye tundu na kuozesha mti. Kwa uimara alikuwa sahihi, maana mpini haujalegea hata kidogo. Kwa uzito hakuwa sahihi: kisu kimelemea nyuma, na baada ya saa mbili za kazi kifundo cha mkono hulalamika.

Makali hudumu siku nne au tano kabla ya kuhitaji kinoo, ilhali visu vyangu vya zamani nilivinoa kila asubuhi. Jambo moja mnunuzi alijue mapema ni kwamba chuma hiki hushika kutu; nikikiacha na maji usiku mmoja tu, asubuhi nakikuta na madoa, kwa hiyo hukikausha na kukipaka mafuta ya kupikia kila ninapofunga kazi.

Nililipa shilingi 40,000, nusu ikiwa malipo ya awali, na nilisubiri wiki tatu badala ya moja niliyoahidiwa. Nimeshaagiza cha pili, kifupi zaidi, kwa ajili ya sato. Boksi lake liko tayari, na nimemwomba atoboe matundu kwenye msuka ili upungue uzito.