Kula Mji Mkongwe: Lukmaan mchana, Forodhani jioni

Kwa chakula cha mchana Mji Mkongwe, Unguja, mimi naipendekeza Lukmaan bila kusita. Iko Mkunazini, karibu na kanisa la Anglikana, na alama yake ni mbuyu uliosimama nje. Usikae ukasubiri kuhudumiwa. Nenda kwanza kaunta, vyakula vimepangwa wazi. Uliza bei, onyesha unachotaka, ndipo utafute meza.

Chukua wali wa nazi na pweza wa nazi. Pweza asipopigwapigwa na kuchemshwa taratibu mpaka alainike kabla ya kutiwa tui, utatafuna mpira. Wa hapa analainika vizuri. Mchuzi nao uangalie kabla hujapakuliwa: tui zito hutiwa mwisho, kwa moto mdogo, huku likikorogwa. Likichemka kwa nguvu hukatika, na utaona mafuta yameelea juu na chembechembe nyeupe chini. Ukila biriani, omba masala ya kutosha, maana hupakuliwa mbali na wali. Wahi, vyakula vizuri ndivyo vinavyokwisha mapema. Pombe hakuna.

Jioni shuka Forodhani, bustani ya pwani mbele ya Beit el Ajaib, jua likizama. Hapa lazima uwe macho. Mishikaki mingi ya samaki, kamba na pweza imeshaivishwa nusu, ukinunua inapashwa tu. Samaki akichomwa mara mbili anakauka, na kukaa saa nyingi kwenye joto ni hatari kwa tumbo. Sema unataka kibichi, kichomwe mbele yako. Muuzaji akisitasita, nenda meza nyingine. Bei mkubaliane kipande kwa kipande kabla sahani haijajazwa. Ukisema tu "nichanganyie", hesabu utaisikia umeshakula.

Kinachonipeleka mimi Forodhani hasa ni urojo. Rojo lenyewe ni la unga wa ngano, manjano na embe bichi au ndimu, liwe jepesi na uchachu wake usikike. Likiwa zito kama uji, unga umezidi. Ndani hutiwa viazi, bajia, kachori, mishikaki, chatini ya nazi na chipsi za muhogo juu. Pilipili mwambie akuwekee pembeni, uonje kwanza. Usiubebe kwenda nao hotelini, ule palepale, kwa sababu muda mfupi tu bajia na muhogo vinalowa.