Fahali wawili zizi moja: wa rika moja au mzee na kijana?
Ule msemo wa mafahali wawili hawakai zizi moja mi naona ni kweli nusu tu, inategemea ni mafahali gani. Weka Boran (ng'ombe wa nyama) wawili wa miaka minne minne, uzito sawa, uone, hakuna anayekubali kushuka, wanaparua vumbi, wanageuziana ubavu kuonyeshana ukubwa, alafu vichwa vinagongana mpaka fensi inalala, na jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, kasimama pale pembeni hajapandwa na yeyote. Mmoja akiteguka bega ama kuumia mguu hapandi tena msimu huo, hiyo hela imeenda.

Mzee na kijana wa miaka miwili ni stori nyingine, kijana akitupiwa jicho tu anainamisha kichwa anapita kando. Shida mzee anajimilikia majike karibu yote, na mbegu zake zikiwa dhaifu utakuja kushtuka hakuna mimba, so mpimishe kwanza. Mi nachukua hii, ila wakutanishe uwanja mpana wiki kadhaa kabla ya majike kuingia, sio kwenye kona. Na baada ya miaka miwili hivi kijana atampindua, hapo muuze mzee mapema.