Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini: nzuri, lakini kwa muda mfupi
Dawa hii ya kusukutua mdomo yenye klorheksidini, kemikali ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.2 hupunguza kweli bakteria wanaofanya fizi zivimbe, na nilipoitumia kama alivyoelekeza daktari wa meno, damu niliyokuwa nikiiona kwenye mswaki ilikoma. Hata hivyo, huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kuvuruga ladha ya chakula, kwa hiyo haifai kutumiwa mwaka mzima. Baada ya kupiga mswaki subiri kama nusu saa kabla ya kusukutua, kwa kuwa dawa ya meno huidhoofisha. Ninachokilaumu ni lebo inayoahidi kutibu fizi bila kutaja kwamba ugaga ulioganda chini ya ufizi hauondoki kwa kusukutua, bali sharti ukwanguliwe na daktari kwa vifaa vyake.